Moyo wa Nnaalongo Nyuma ya Pazia

Nisikilizeni, ninyi mnaopokea sifa za unene bila kuuliza unene umetoka wapi. Habari hii ni ya kwetu, kijiji cha Kyanjale huku Buganda, upande wa Masaka, nyuma ya kilima cha kanisa. Mwenyewe aliyetaka kufa ndani ya habari hii yu hai, na ameniruhusu niisimulie kwa sharti moja tu: nisisahau kusema kwamba gomesi aliyovaa siku hiyo, lile vazi letu refu la kike, ilikuwa ya hariri.

Ilikuwa ya hariri.

Basi ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Walikuwa wameshuka kama mvua, na asubuhi ile ua wa Nnaalongo Teopista ulijaa wanawake. Tuliketi mikekani tukinyonyoa mabawa na miguu, kikaango kikinguruma jikoni, kitunguu kikinukia hadi barabarani. Katikati yetu alikaa mwenye ua. Tunamwita Nnaalongo kwa sababu alizaa pacha, na kanisani ndiye kiongozi wa kwaya. Sauti yake ya juu ilikuwa ikiwaamsha hata wanaolala kwenye mahubiri. Ila mwaka ule sauti hiyo ilikuwa imeacha kupanda. Tulipomuuliza, alisema anawaachia vijana nafasi wajifunze.

"Wifi, unanona wewe!" alisema Ssenga Federesi, dada wa marehemu mumewe. Ssenga ndiye shangazi mwenye mila za ukoo mdomoni, na mdomo huo haujawahi kufungwa. "Hebu oneni mguu huu. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo kama kwenye donge la unga!"

Akabonyeza. Shimo likabaki. Tukapiga vigelegele.

"Ndiyo faida ya kuozesha binti kwa daktari," mmoja wetu akasema. "Wengine tumeozesha kwa mafundi baiskeli, angalia tulivyokauka."

Nnaalongo akatabasamu, akaficha miguu chini ya gomesi. Kandambili zake alikuwa ameziacha ndani. Alidai mvua imezifanya zinywee.

Ndipo honi ilipolia barabarani.

Lilikuwa gari la Daktari Lubowa, mume wa Babirye, mmoja wa wale pacha. Na kwetu mambo ni haya: mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso, hawashikani mikono, hawali chungu kimoja. Anayevunja hupatwa na tetemeko la ukwe. Mikono inacheza, kidevu kinacheza, na mtu anakwenda kaburini akicheza hivyo hivyo. Nnaalongo alipoisikia honi, alinyanyuka na sinia lake la senene akakimbilia jikoni. Si mbali. Ni mwendo wa kuku kumfukuza panzi.

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Kumbe huko ndani hakuna aliyecheka. Babirye, aliyekuja na gari hilo, alipoingia, alimkuta mama yake ameketi juu ya maganda ya matoke, mdomo wazi kama samaki aliyetupwa ufukweni, senene wakimpanda kichwani.

"Mama! Una nini?"

"Nyamaza. Ameondoka?"

"Hata hajashuka garini."

"Mwambie nimekwenda shambani."

"Mama, miguu yako imetokeza mlangoni. Anaiona."

"Mwambie ni ya mtu mwingine!"

Daktari wa watu, kwa adabu zake, alikuwa amefumba macho mle garini tangu alipozima injini. Aliteremsha sukari na sabuni kwa kupapasa, akarudi kinyumenyume nusura agonge mgomba. Hakuona kitu. Kumbukeni hilo: hakuona kitu.

Lakini Babirye aliona. Alikaa kwa mama yake siku chache, akagundua mengine. Mama halali, anakaa. Amepanga mito yote ya nyumba nyuma ya mgongo wake, akiulizwa anasema anawasikilizia wezi. Akienda kisimani anapumzika njiani, anasema anawasalimia majirani, hata pale pasipo na nyumba. Na kwenye kopo la chai mlikuwa na dawa za kila namna: za pumu, za minyoo, za mizizi, na moja ambayo hata muuzaji alishindwa kusema ni ya nini.

Akamburuta hadi kituo cha afya. Tabibu akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akapima presha, akapima tena kwa kutoamini. "Nnaalongo, mapafu yako yana maji, na moyo unapiga vibaya. Nenda mjini leo leo, hospitali ya misheni, upigwe picha ya moyo kwa mashine. Bila picha hatujui umeharibika wapi."

"Anapiga nani hiyo picha?" aliuliza Nnaalongo, ingawa jibu alilijua.

"Daktari Lubowa. Fundi kwelikweli. Utampenda."

Ndugu zangu, mwanamke alitoka mle kituoni kwa mwendo ambao hakuwa nao alipoingia.

Jioni kikao kikaketi. Kikao, maana yake Ssenga Federesi alikaa na wengine tukasimama.

"Yaani mkwe amfunue kifua mama mkwe?" alifoka. "Ampake mafuta?"

"Si mafuta, Ssenga," alisema Babirye. "Ni jeli. Inasaidia mashine kuona."

"Jeli! Hata jina lake halina adabu!"

"Wifi amesema kweli," Nnaalongo akapumua katikati ya maneno. "Heri... nizikwe... na heshima yangu."

"Na hiyo heshima ataivaa nani ukishazikwa?" Babirye alikuwa na machozi. "Nitamwambia mume wangu."

"Ukimwambia, mimi si mama yako. Apa."

Babirye akaapa. Hapo ndipo ugonjwa halisi ulipoingia nyumba ile, na ugonjwa huo haukuwa moyoni wala mapafuni. Ulikuwa siri. Mtu mwenye uwezo wa kumsaidia mgonjwa alikuwa analala kitanda kimoja na anayejua habari zote, na asubuhi wanaulizana kama chai ina sukari ya kutosha.

Lakini Babirye ni mtoto wa Nnaalongo, hila amerithi. Alisubiri siku ambayo mumewe alikuwa na mkutano Kampala, akazungumza na Sista Goretti, muuguzi anayejifunza mashine ile. Sista angepiga picha na kuzihifadhi, halafu daktari mwingine azisome. Nnaalongo akakubali, mradi avae gomesi yake bora. Gomesi ya hariri, rangi ya zambarau, mabega yamesimama kama masikio ya sungura. Na Ssenga akaja naye ili kulinda mila.

Nnaalongo akalazwa ubavu wa kushoto, uso ukutani, mabega ya gomesi yameteremshwa, shuka juu. Jeli ikapakwa. Ilikuwa ya baridi, akataja watakatifu kadhaa. Sista akaanza kukipitisha kile kichwa cha mashine kifuani, kwenye kioo vivuli vikiyumba.

"Pumua polepole, mama. Siipati vizuri... Subiri nimwite mtu anisaidie."

Mlango ukafunguka kabla hajaita mtu.

"Mkutano umeahirishwa, Sista. Nimegeuzia njiani." Ilikuwa sauti ya mwanamume, akija moja kwa moja kwenye kioo kwa macho ya kazi. "Ehe, tuna nani hapa? Hebu... Mungu wangu. Moyo huu umechoka! Huu ni moyo wa nani?"

Ssenga Federesi alijifunika kichwa kwa mkoba wake, kana kwamba mkoba ungewafunika wote. Pale kitandani hakuna kilichotikisika isipokuwa bega moja la hariri ya zambarau.

Na bega hilo Daktari Lubowa alilijua. Gomesi ile aliichagua mwenyewe dukani, akaileta mwenyewe siku ya kutambulishwa ukweni, akaishika mkononi kuhakikisha ni hariri kweli.

"Mama wee!" alisema daktari.

"Mama wee!" alisema Nnaalongo ukutani.

Wakakimbia wote wawili! Nnaalongo alivuta gomesi begani, akateremka upande wa ukuta, akazunguka kitanda, akatoka na mkanda wa kiunoni ukimfuata kama mkia na jeli ikimtiririka. Daktari alitoka kabla yake, akashika upande mwingine wa ukumbi, akajifungia kwenye stoo ya mashuka. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi walimwona daktari wao akipita mbio, koti limepaa. Mzee mmoja akapaza sauti: "Daktari anakimbia, ninyi mnangoja nini?" Benchi zima likainuka. Mwenye plasta mguuni aliruka kwa mguu mmoja akawapita wenye miwili. Wengine walisema moto, wengine walisema nyoka, na mmoja alisema dawa zimekwisha, huyo ndiye aliyeaminiwa zaidi.

Nnaalongo alifika getini, pale wanapouzia matoke. Akaanguka juu ya mikungu.

Hapo kicheko kilikatika. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya gomesi. Pumzi ilikuwa ikichemka kifuani kama uji. Babirye, aliyekuwa amewaleta, alipiga magoti kwenye matope akimwita, na mama hakumjibu, alimshika mkono tu kwa nguvu ya mtoto mchanga.

Wakambeba ndani. Wakamkalisha, wakamwekea hewa ya mtungi, wakamchoma sindano ya kutoa maji. Alitoa maji mengi kiasi kwamba Ssenga aliuliza kama kuna kisima. Alasiri pumzi ikatulia kidogo, na daktari wa wodi akamwambia Babirye waziwazi: "Tumemvuta kutoka ukingoni, lakini tunatibu kwa kubahatisha. Pengine moyo wake ni dhaifu. Pengine mlango mmoja ndani umebana. Pengine umezungukwa na maji. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya hili ni hatari kwa lile. Tunataka picha."

Babirye alikwenda kugonga stoo ya mashuka.

"Toka."

"Siwezi," sauti ikajibu. "Nimemwona."

"Umeona nini?"

"Nimeona bega. Na moyo. Uso sijauona, naapa." Akasogea karibu na mlango. "Babirye, moyo ule sitausahau. Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Sasa kaa humo na adabu zako, na mimi kesho nitakuwa yatima mwenye mume mwenye adabu."

Mlango ukafunguka kidogo. Ssenga Federesi akajitupa mbele yake, mikono imetanda. "Mkwe, haiwezekani! Mila ni mila!"

Babirye akamgeukia shangazi yake. Hakupandisha sauti. "Ssenga, siku ya utambulisho wangu mama alikaa wapi?"

"Ndani. Nyuma ya pazia."

"Alisikia maneno ya wageni?"

"Yote."

"Na majibu yake nani aliyapeleka?"

"Mimi, nani mwingine? Hiyo ndiyo kazi ya Ssen..." Akanyamaza. Ni mara ya kwanza kijiji chetu kuambiwa kwamba Ssenga Federesi alinyamaza mwenyewe. Kisha akarekebisha kitambaa kichwani. "Leteni pazia," akasema. "Refu, lifike chini. Na mimi nipewe kiti."

Basi ikawa hivi. Pazia la kijani likakata chumba. Upande huu kitanda, Nnaalongo, Babirye, na Sista Goretti akishika kichwa cha mashine. Upande ule kioo, na Daktari Lubowa amekipa kitanda mgongo. Katikati, kwenye kiti, pazia likimgawa pua, Ssenga.

"Mwambie mama ageukie ubavu wa kushoto," alisema daktari.

"Anasema geukia ubavu wa kushoto."

"Mwambie nimesikia. Mwambie na kitanda chake ni kigumu," akasema Nnaalongo.

"Anasema kitanda chako ni kigumu."

"Mwambie nimesikia. Sista, panda juu kidogo. Hapo hapo. Ssenga, muulize mama analalia mito mingapi."

"Mwambie mmoja," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Babirye akakohoa.

"Mwambie... yote."

"Muulize kuhusu chumvi."

"Mwambie kidogo tu."

"Mkwe, huyu anakudanganya," alisema Ssenga. "Senene wake ukiwala unakunywa maji hadi Pasaka."

"Wifi! Wewe peleka maneno, usiyapike!"

Kisha daktari akaacha kuuliza. Alikaa akitazama. Ssenga, kwa kuwa jicho lake moja lilikuwa upande wa kioo, alitazama pia. Mle gizani aliona kitu kikijikunja na kujikunjua, na ndani yake vijilango viwili vikipepea.

"Ni nini kile kinachopunga?"

"Ni moyo wa wifi yako, Ssenga. Moyo mzima hujikaza kama ngumi. Huu umetanuka kama mfuko wa zamani, unajikaza kama mkono wa mtu anayeaga wageni huku anasinzia. Katika damu inayoingia, moyo mzima husukuma nje zaidi ya nusu kila unapopiga. Huu unasukuma robo. Iliyobaki inajazana nyuma, na maji yanavuja mapafuni. Yanavuja na miguuni."

"Miguuni?" Ssenga akauliza. "Kwa hiyo lile shimo la kidole... si unene?"

"Si unene. Ni maji. Presha imeutesa moyo huu miaka mingi."

"Na mimi nilimpigia vigelegele!"

Nyuma ya pazia: "Mwambie wifi yangu aje azichukue sifa zake."

Ssenga alijaribu kucheka, ikawa kilio. Daktari naye aliondoa macho kwenye kioo, akatazama mikono yake.

"Mwambie mama," alisema, "mwambie mama yangu mzazi alikwisha kufa, sina mwingine. Mwambie angeniambia mapema, hata kwa kumtuma mtu, ningeweka pazia siku ile ile. Ningeweka kumi."

Ssenga alifungua mdomo apeleke ujumbe. Haukupelekeka.

"Mwambie," alisema Nnaalongo taratibu, "nimesikia."

Halafu, baada ya pumzi: "Mwambie, nitaimba tena?"

"Mwambie kwa dawa za kila siku, si za siku anazojisikia, na bila chumvi, na kurudi hapa tuutazame tena, ataimba. Moyo huu hautakuwa wa msichana. Lakini milango yake ni mizima, na nje yake hakuna maji. Sasa tunajua cha kutibu."

Kazi ilipokwisha, kila mtu alitazama mikono ya daktari. Ilitulia. Wakachungulia mikono ya Nnaalongo. Ilitulia, tena ilikuwa ikidai chai. Aliyetetemeka alikuwa Ssenga Federesi, kikombe kikigonga kisosi kama kengele.

"Mbona mimi? Mimi sikumshika mtu!"

Kumbe alikuwa ameinua pindo la gomesi yake na kubonyeza mguu wake mwenyewe. Kulikuwa na shimo. Dogo, lakini shimo. Sista alimlaza pale pale kabla hajakumbuka mila nyingine. Ikaonekana moyo wake bado una ngumi, ila presha imeshapanda sana. Alipewa dawa na onyo, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayewabonyeza watu miguu njiani kabla ya kuwasalimu.

Mwaka uliofuata senene walishuka tena. Tuliketi mikekani ua ule ule. Senene wa Nnaalongo sasa wanakaangwa kwa kitunguu na limau bila chumvi, naye huwalaani kila anapomtafuna mmoja, kisha huchukua mwingine. Kandambili zake zilirudi ukubwa wake wa zamani, mvua au jua.

Honi ikalia. Si getini. Ililia mbali, kwenye kona ya kanisa, ikalia tena darajani, maana Daktari Lubowa siku hizi hupiga honi tangu huko ili mama mkwe wake apate muda wa kutembea. Nnaalongo akafuta mikono, akakaza mkanda wa gomesi, akainuka. Akatembea. Alifika jikoni gari likiwa bado kwenye migomba, akaketi kwenye kigoda chake, miguu ndani.

Kisha tukaisikia. Ile sauti ya juu, ya kanisani, ilipanda kutoka jikoni, ikapita juu ya paa la bati. Ilitetereka kidogo pale juu kabisa. Ikashika.

Garini, daktari alikuwa amefumba macho kama kawaida. Hakuteremsha sukari hadi wimbo ulipokwisha.

Mafunzo

Ndugu zangu wa Kyanjale na wa kwingineko, miguu iliyovimba si baraka. Anayelala ameketi si mlinzi wa wezi, na anayetweta kwa kuvuka ua hajazeeka tu. Huenda moyo wake unashindwa kazi, na macho hayawezi kuuona moyo. Mashine inauona. Mpelekeni akapigwe picha, dawa itolewe kwa kujua na si kwa kubahatisha. Acheni kumpa mgonjwa vigelegele.

Na ninyi wenye kuona haya, mila zetu ni nzuri, sijasema mzitupe. Nnaalongo hadi leo hajamwona mkwe wake uso. Lakini waliotuachia mila hizo walituachia na pazia, na shangazi wa kupeleka maneno, kwa sababu walitaka tusitiriane tukiwa hai. Siri aliyoapishwa Babirye haikumsitiri mama yake, ilimtuma juu ya mikungu ya matoke. Kama una aibu, iseme, tutaitafutia pazia. Ukinyamaza nayo, tutakachokutafutia ni jeneza.